Bei ilivujia wapi? Uchambuzi wa kisa cha ofisi ya korosho Mtwara

Msimu mmoja wa korosho, kabla minada haijahamia kwenye TMX, yaani mfumo wa soko la bidhaa la Tanzania unaopokea zabuni kwa mtandao, mnunuzi mmoja mwenye ofisi Mtwara mjini alikuwa akishindwa kwa shilingi chache mno. Akiandika 2,061 kwa kilo, mshindi anatoka na 2,065. Mnada unaofuata anaandika 2,038, na kampuni ile ile inabeba mzigo kwa 2,040. Enzi hizo zabuni ziliandikwa kwenye karatasi, zikatiwa bahasha na kutumbukizwa sandukuni, kisha sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima na bei kusomwa moja baada ya nyingine. Matokeo hayakuwa siri. Karani wa mzee huyu alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari, na daftari hilo lilikuja kuwa na faida kuliko kifaa chochote nilichokwenda nacho.

Mzee mwenyewe alishamjua mwizi wake. Ng'ambo ya barabara, chini ya mkungu, kulikuwa na Noah nyeupe yenye vioo vya giza iliyoegeshwa kutwa nzima. Mwanawe anayesoma Dar es Salaam alikuwa amemtumia video inayoeleza kwamba kioo cha kompyuta kinaweza kusomwa kwa antena kutoka nje, bila waya na bila mtu kugusa chochote. Nilipoitwa nilikuta madirisha yote ya ofisi yamebandikwa foili ya jikoni, ile ya kufungia kuku, kwa selotepu.

"Fundi, wananisoma kupitia ukutani," alinipokea hivyo. "Shikamoo" yangu hata hakuiitikia.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba ofisi, mpinzani wake na watu wengine wasitajwe.

Je, kuna kilichovuja?

Kabla ya kutafuta tundu ni lazima ujue kama maji yanavuja. Kushindwa kwa shilingi nne si ushahidi wa wizi. Wanunuzi wote wa korosho ghafi wanapiga hesabu zinazofanana: bei dira, yaani bei elekezi, ni ile ile, bei ya Kollam kule India na ya Vietnam wanaipata wote, gharama za kutoa mzigo ghalani mpaka bandarini hazitofautiani sana, na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambao kwa kanuni ya wakati huo ulikuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani kutegemea kipi ni kikubwa, unamkata kila mtu. Watu wenye hesabu moja wataandika bei zinazokaribiana, wawe wamechunguliana au la.

Basi nikaomba daftari la karani. Nilichokitafuta humo ni upande, yaani mpinzani alikuwa juu ya mzee au chini yake. Kama kila mmoja anapiga hesabu kivyake, mara nyingine mpinzani angeangukia shilingi tatu chini ya mzee, mara nyingine shilingi ishirini juu, mara nyingine mbali kabisa. Daftari halikuonyesha hivyo. Pale ambapo kampuni ile ililitaka ghala moja na mzee, ilikuwa juu yake kwa shilingi mbili hadi tano, na haikuwahi hata mara moja kuwa chini yake kidogo. Pale ambapo mzee hakuingia, bei zao zilipanda na kushuka ovyo kama za watu wengine.

Hapo nikakubali kwamba kuna mtu aliyekuwa anaiona bei kabla ya sanduku.

Video haikudanganya

Ni kosa kumcheka mzee kwa ile foili, maana jambo lenyewe lipo na lina historia ndefu. Mwaka 1943 wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell, wakishughulikia mashine ya kuficha ujumbe ya jeshi la Marekani, waliona kwamba kila mashine inapopiga hatua, chombo cha kupimia kilichokuwa sehemu nyingine ya maabara kinaruka. Wakuu wa jeshi hawakuamini. Wahandisi wakaketi kwenye jengo la ng'ambo ya mtaa wa Varick, New York, futi 80 hivi, wakanasa kilichotoka na kurudisha takriban asilimia 75 ya maneno ya siri. Baadaye elimu nzima ya kuzuia mivujo hiyo ikaitwa kwa jina la fumbo, TEMPEST, na kwa miaka mingi ilibaki kabatini kwa wakubwa.

Aliyeitoa hadharani ni Mholanzi Wim van Eck, mwaka 1985. Alionyesha kwamba picha ya kioo cha kompyuta inaweza kunaswa kutoka mbali kwa vifaa vya bei nafuu, televisheni ya kawaida ikiwa mojawapo. Vioo vya enzi hizo vilikuwa vile vyenye mgongo mkubwa. Watu wakajifariji kwamba vioo bapa vitamaliza tatizo. Havikumaliza. Mwaka 2004 Markus Kuhn wa Cambridge alionyesha kwamba laptopu yenye kioo bapa inasomeka umbali wa mita 10, kuta nyepesi zikiwa katikati.

Sababu yake haihitaji shahada. Picha haipelekwi kiooni yote kwa mkupuo. Inapelekwa nukta kwa nukta, mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na ikifika mwisho inaanza upya, mara 60 kila sekunde. Kwa kioo cha nukta 1920 kwa 1080, mpigo wa kupeleka nukta ni milioni 148.5 kwa sekunde. Umeme unaocheza kwa kasi hiyo ndani ya waya unaufanya waya uwe antena, utake usitake. Aliyeko nje akishajua mpigo huo, anapanga upya alichonasa mistari juu ya mistari mpaka sura ijitokeze; na kwa kuwa picha ile ile inarudiwa mara 60 kwa sekunde, anazilundika nakala moja juu ya nyingine hadi kelele zififie.

Foili sasa. Mpigo wa milioni 148.5 una wimbi la urefu wa mita mbili hivi, na vitukuu vyake, yaani mapigo yanayozidisha kasi hiyo mara kadhaa, vinavyopanda hadi milioni 1,000 vina sentimita 30. Ili kuvizuia unahitaji chumba kilichozibwa kwa metali pande zote, sakafu na mlango vikiwemo, na kila waya unaoingia, wa umeme au wa mtandao, upitie kwenye chujio. Ofisi ya tofali yenye madirisha ya foili, mlango wa mbao na waya wa TANESCO unaopita ukutani haijazuia kitu zaidi ya hewa. Niliibandua mapema, maana humo ndani kulikuwa tanuri.

Mwenye Noah hakuwa yeye

Nilimwomba mzee na karani tukae tuandike safari ya bei yenyewe, tangu inazaliwa mpaka inaingia sandukuni. Nani anaijua saa ngapi, imeandikwa wapi. Kazi hiyo ilichukua chai na mihogo, haikuhitaji mtambo wowote, na ndiyo iliyomaliza ugomvi.

Ilikuwa hivi. Mchana hapakuwa na bei. Jioni ujumbe unafika kutoka kwa mnunuzi wa Kollam, mzee anapiga simu kwa mshirika wake Dar es Salaam, na baada ya magharibi anakaa na karani. Karani anaingiza namba kwenye jedwali la Excel, wanazipandisha na kuzishusha, na kufika saa 2 usiku bei imekatwa. Faili linahifadhiwa, wanafunga ofisi, wanaondoka. Saa 12 asubuhi karani anafungua, anachapa fomu, mzee anatia saini, bahasha inafungwa na gari linaondoka kuelekea mnadani.

Noah ilikuwa inaondoka kabla ya magharibi. Niliwauliza vijana wa bodaboda wa pale kijiweni, wakaniambia bila kufikiri: ni gari la kukodi, dereva anasubiri abiria wa Newala, na mchana analala humo ndiyo maana vioo ni vya giza. Saa alizokuwapo, kompyuta ya karani ilikuwa inaonyesha orodha ya magunia na barua za chama cha msingi.

Hata kama angekuwepo usiku, hesabu ingemkatalia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jamhuri nchini Uruguay walichapisha mwaka 2024 kazi ya kutumia akili mnemba kusafisha picha zinazonaswa kutoka kwenye waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kiooni, na waliweza kushusha makosa hadi karibu herufi 30 katika kila 100. Kwa kusoma barua hayo ni mafanikio ya kutisha, kwa sababu neno lenye herufi iliyokosewa unalikisia. Namba haikisiwi. Bei yenye tarakimu nne, kila tarakimu ikiwa na nafasi 7 kati ya 10 ya kusomwa sawasawa, inatoka nzima mara 1 katika kila 4 hivi. Msikilizaji mvumilivu anaweza kurudia na kurudia mpaka apunguze makosa hayo, lakini katika ofisi yenye vioo vitatu vya aina moja vikiwa vimepangana, kiyoyozi kikivuma na jenereta la jirani likiwaka kila umeme ukikatika, sioni mtu akipata shilingi kamili kwenye kila mnada.

Halafu kuna jambo ambalo video ile haikulisema. Antena inanasa kile kinachotembea: picha iliyo kiooni, herufi inayobonyezwa. Faili lililolala kwenye diski halitoi sauti. Na bei ya mzee ilikuwa kiooni kwa muda mfupi tu, kisha ikalala ndani ya kompyuta usiku mzima.

Kompyuta hiyo haikuzimwa. Nilipouliza kwa nini, karani akajibu kwamba printa imeunganishwa kwake, na mhasibu akifika mapema hawezi kuchapa kama ya kwake imezimwa.

Vitu vya mezani

Kabla ya kuingia ndani ya mashine nilipita juu ya meza, na hapo ningeweza kukaa wiki.

Kioo kilikuwa kimeelekeza uso kwenye dirisha la barabarani, maana karani alikuwa amekaa akilipa dirisha mgongo. Usiku taa ikiwaka, mpita njia aliyesimama kwenye kibaraza cha duka la jirani anaona jedwali. Namba hazioni, ila kwa kamera nzuri ya simu anaziona. Tulijaribu, tukazisoma. Hata ungegeuza meza, vitu vinavyong'aa vinabaki: mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walisoma maandishi ya kioo kutoka umbali wa mita 10 kwa kutazama taswira yake kwenye birika la chai kupitia darubini. Karani aliitazama chupa yake ya chai, akaihamishia kabatini. Sikumkataza.

Kibodi ilikuwa ya bila waya, ya bei poa, isiyo na jina la maana, yenye kile kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Hizi ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko Noah. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ya Marekani ilionyesha kwamba kibodi za watengenezaji wanane zilikuwa zinarusha kila herufi hewani bila kuificha, na mtu wa mita 75 angeweza kuzinasa kwa redio ya bei ndogo. Huhitaji kupambana na kelele za umeme. Kibodi inakutangazia yenyewe. Sikuwa na njia ya kujua kama ya karani ilikuwa ya kundi hilo, kwa hiyo tukanunua ya waya siku hiyo hiyo pale mjini. Mwenye kubisha atasema za waya nazo zinavuja, na ni kweli: Vuagnoux na Pasini, Waswisi wa Lausanne, walizinasa mwaka 2009 hadi umbali wa mita 20. Lakini kuinasa ya waya ni kazi ya maabara, na ya bila waya ni kazi ya kijana mwenye muda.

Simu mezani pia. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza walifundisha programu kutambua vitufe vya laptopu kwa mlio wake tu, simu ikiwa kando, na ikapatia asilimia 95. Nilimwambia mzee simu za wageni zisikae meza ile. Basi.

Kilichokuwamo ndani

Kompyuta yenyewe ilikuwa na programu ya kusaidiana kwa mbali, za aina ya AnyDesk na TeamViewer. Programu hizi si haramu, mimi mwenyewe nazitumia kila siku kumtengenezea printa mtu wa Masasi bila kupanda basi. Hii iliwekwa na fundi aliyetangulia, na karani alijua ipo. Asichojua ni kwamba imewekewa nenosiri la kudumu, ile njia ya kuingia hata kama hakuna mtu wa kubofya kukubali, na kwamba inajiwasha pamoja na Windows.

Programu hiyo huweka faili dogo la kumbukumbu. Kila mstari una tarehe, saa, namba ya aliyeingia, na neno moja linaloonyesha alipokelewa kwa njia gani: kwa mtu kubofya, au kwa nenosiri. Miezi ya mwanzo mistari ilikuwa michache na yote ya kubofya, saa za kazi. Kuanzia mwezi mnada ulipofunguliwa, mistari ikawa ya nenosiri. Saa zilisomeka 18:40, 18:52, 19:05. Karani akashtuka, maana saa hizo za jioni yeye yupo kwenye kiti. Ila faili hilo linaandika kwa saa za Greenwich; ongeza tatu. Ikawa saa 3:40 usiku, saa 3:52, saa 4:05. Ofisi imefungwa, mlinzi yuko nje na redio yake, mashine inawaka.

Tukaweka daftari la minada kando ya faili. Kila mstari wa nenosiri uliangukia usiku wa kuamkia mnada ambao mzee aliingia.

"Ndiyo maana kuna asubuhi nilikuta lile jedwali limefunguliwa," karani alisema polepole. "Nikajua ni mzee kaja baada yangu."

Mzee alitaka niifute papo hapo kisha twende kwa yule fundi. Nilimzuia kwa mambo mawili. Ukiifuta umefuta na ushahidi. Tulinakili faili kwenye flashi mbili, tukapiga picha kioo kikiwa na tarehe, tukaandika nani alikuwepo. La pili, namba iliyomo kwenye faili ni namba ya programu ya mtu, haikuambii mtu ni nani. Fundi yule alikuwa na tabia ambayo wengi wetu kwenye kazi hii tunayo na tunaificha: nenosiri lilikuwa moja kwa wateja wake wote, jina la duka na mwaka. Mteja wake yeyote mwenye akili ya kujaribu angeweza kuingia kwa mteja mwenzake. Kwa hiyo huenda fundi aliuza, na huenda hakujua lolote.

Tukaweka chambo kabla ya kufunga tundu. Kwa mnada uliofuata, karani aliingiza kwenye jedwali bei ya chini kuliko ile mzee aliyoikusudia, akahifadhi kama kawaida, wakafunga ofisi. Bei halisi mzee aliiandika kwa biro kwenye kipande cha karatasi na kulala nacho. Asubuhi fomu ilijazwa kwa mkono. Sanduku lilipofunguliwa, kampuni ile ilisomwa shilingi tatu juu ya bei ya uongo, na mzigo ukabaki kwa mzee. Faili la kumbukumbu lilikuwa na mstari mpya wa saa 4 kasoro usiku.

Kwa mahakama chambo kimoja ni kidogo. Kwa mzee kilitosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini na inakataza kunasa mawasiliano yake, na nilimshauri apeleke flashi moja polisi. Alipeleka. Yaliyofuata huko ni ya kwao.

Marekebisho, na tundu jingine

Programu ikaondolewa, nenosiri la rauta likabadilishwa, karani akapewa akaunti ya Windows isiyo na uwezo wa kuweka programu mpya, meza ikageuzwa ikawa mgongo kwa ukuta. Printa ikahamishiwa kwa mhasibu ili mashine ya karani izimwe jioni. Fundi akihitaji kuingia kwa mbali, karani anafungua yeye, anakaa hapo anatazama, na akimaliza anafunga. Hesabu za bei zikahamia kwenye laptopu ya zamani ambayo kadi yake ya mtandao niliing'oa, inayotumia betri. Gharama yote, kibodi ikiwemo, haikufika bei ya magunia mawili ya korosho daraja la kwanza.

Utaratibu huo ulidumu mpaka msimu wa 2024, minada ya korosho ilipoingia TMX. Bei inapotumwa kwa mtandao huwezi tena kuilaza na biro mfukoni; lazima wakati fulani iingie kwenye mashine iliyounganishwa. Tulichofanya ni kuchelewesha wakati huo: hesabu zinafanyika kwenye laptopu isiyo na mtandao, namba inaingizwa kwenye mfumo dakika za mwisho, kwenye kompyuta ambayo haina kazi nyingine, na mzee mwenyewe ndiye anayebonyeza.

Bado kulikuwa na WhatsApp. Ujumbe wa Kollam ulikuwa unaingia kwenye kundi la watu watano, na hakuna aliyewahi kulihesabu kundi hilo kama sehemu ya ofisi. Nilimwomba kila mmoja afungue simu yake aangalie vifaa vilivyounganishwa. Wanne walikuwa safi. Wa tano, mshirika wa Dar es Salaam, alikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa na simu yake, na moja aliikumbuka: ni ya ofisi aliyoacha kazi. Ilikuwa bado inapokea kila ujumbe.